Moshi Ukamatwe Unapozaliwa: Namna ya Kuchagua Mfumo wa Kufyonza Moshi Karakanani

(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam mbele ya wenye karakana, wahandisi, walimu wa ufundi na mafundi wa kuchomelea)

    Nitakayoyasema yanahusu vifua vya mafundi kuliko kitu kingine chochote.

Nia yangu ni moja. Nataka mwenye karakana anayefikiria kununua mfumo wa kufyonza moshi aondoke hapa akijua aulize nini, aanze na lipi, na akatae nini. Maelezo yatakuwa marefu, lakini yote yanasimama juu ya neno moja: moshi ukamatwe pale unapozaliwa, kabla haujafika puani mwa fundi. Mfumo unaoweza hilo ni mzuri hata ukiwa mdogo. Usioweza hilo haufai hata kama umegharimu mamilioni.

Nitatumia mfano wa kuchomelea vyuma kwa sababu ndiyo kazi iliyoenea mitaani kwetu: mageti, grili za madirisha, vitanda, matela, matangi ya maji. Anayepuliza rangi au anayelehemu vifaa vya umeme atakuta kanuni zilezile, ila vichujio vyake vitakuwa vingine.

Hoja ya kwanza: Ujue moshi wako kabla ya kuijua mashine

Joto la arki, yaani ule mwali wa umeme wa kuchomelea, linachemsha chuma hadi kinageuka mvuke. Mvuke huo ukikutana na hewa unapoa na kuganda papo hapo kuwa chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya maikromita 1. Unywele mmoja wa kichwani una unene wa makumi ya maikromita. Chembe ndogo kiasi hicho hazizuiliwi na vinyweleo vya pua wala ute wa koo. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu.

Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao Lyon, Ufaransa, liliuweka moshi wa kuchomelea katika Kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kuwaletea binadamu saratani. Februari 2019 mamlaka ya usalama na afya kazini ya Uingereza ikatangaza kuwa hatari hiyo imo hata katika moshi wa chuma cha kawaida, na kwamba kwa kazi ya ndani, kutegemea hewa ya milango na madirisha peke yake hakutoshi.

Hata hivyo moshi haulingani. Chuma cha pua kinatoa kromiamu na nikeli, na aina moja ya kromiamu hiyo ni sumu kali inayosababisha saratani. Chuma cha kawaida na vijiti vyake vinatoa manganizi, ambayo ikijilimbikiza kwa miaka huharibu ubongo, mikono ikatetemeka na mwendo ukawa mzito. Bomba la maji lililopakwa zinki linatoa moshi mweupe unaoleta homa. Kuchomelea kwa gesi ya kaboni dioksidi kunazalisha kaboni monoksidi. Aluminiamu inaleta gesi ya ozoni. Na chuma kilichooshwa kwa kiyeyushi chenye klorini, kikichomelewa kabla hakijakauka, kinaweza kutoa fosijini, gesi iliyotumika kuua watu katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Naomba nisimame kidogo kwenye hiyo homa ya zinki. Fundi anachomelea mabomba asubuhi, na saa kadhaa baadaye anaanza kutetemeka kwa baridi, mwili unauma, kinywa kina ladha ya chuma. Kwetu huku wa kwanza kulaumiwa ni mbu, na dawa ya malaria inanunuliwa. Baada ya siku moja au mbili homa inapoa yenyewe, dawa inasifiwa, na wiki ijayo fundi anarudi kwenye mabomba yaleyale. Ndugu zangu mafundi, mkienda hospitali mpimwe malaria kama kawaida, lakini mwambieni daktari mmechomelea nini siku hiyo. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika kitabu kuhusu magonjwa ya watu wa kazi, akawataka madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa: kazi yako nini? Swali hilo bado linatakiwa katika zahanati zetu.

Na maziwa. Najua kuna mafundi hapa ambao kila jioni hunywa maziwa ili kusafisha kifua, na waajiri wanaoyanunua kwa nia njema kabisa. Maziwa ni chakula kizuri, endeleeni kuyanywa. Lakini yanakwenda tumboni, na moshi uko mapafuni. Hayakutani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ununuzi haigharimu hata senti. Chukua daftari, andika: tunachomelea chuma gani, kwa vijiti au waya gani, kimepakwa nini, saa ngapi kwa siku, mafundi wangapi kwa wakati mmoja, ndani au nje. Kisha punguza unachoweza kupunguza. Kwangua rangi na zinki pale unapounganisha. Futa mafuta. Panapofaa bolti, tumia bolti. Moshi usiozaliwa hauhitaji feni.

Hoja ya pili: Mdomo wa kufyonzea ndio moyo wa mfumo

Wanunuzi wengi huanza na feni: ina nguvu farasi ngapi? Hilo ni swali la nne. Swali la kwanza ni hili: mdomo unaofyonza utakaa wapi?

Mkirudi nyumbani leo, washeni mshumaa, mnyooshe mkono, muupulize. Utazimika. Kisha jaribuni kuuzima kwa kuvuta pumzi kutoka umbali uleule. Hata mkijitahidi vipi, hamtaweza. Hewa inayopulizwa inakwenda mbele kwa mstari, na inayovutwa inatoka pande zote, juu, chini na nyuma ya mdomo wenyewe, ndiyo maana nguvu yake inaisha upesi. Ukisogea mbali na mdomo wa bomba kwa umbali sawa na kipenyo chake, kasi ya hewa imeshashuka chini ya sehemu 1 ya 10 ya ile ya mdomoni.

Niliwahi kuingia karakana moja ambayo mwenyewe alikuwa amejitahidi kwelikweli. Alitengenezesha kofia kubwa ya bati, akaining'iniza juu ya meza ya kazi usawa wa dari, akaiunganisha na feni yenye mngurumo wa kutisha. Kijana mmoja alikuwa ameinama juu ya grili ya dirisha. Mwanga wa jua uliingia kupitia mlangoni, na moshi ukaonekana wazi: ulipanda kutoka kwenye arki, ukaingia chini ya kinga ya uso, ukatokea juu ya paji lake, halafu ndiyo ukaendelea kwa utulivu kuelekea kwenye kofia. Moshi wote ulikuwa ukifyonzwa, lakini baada ya kupita puani mwake. Fedha ilikuwa imetumika kulisafisha paa.

Kofia ya juu inafaa tanuri au beseni la moto ambalo hakuna mtu anayeliinamia. Kwa fundi anayeinama ni makosa. Machaguo yanayofaa ni haya. La kwanza ni kizimba: kazi inafungiwa ndani ya kibanda chenye upande mmoja wazi, na hewa inavutwa kuelekea nyuma, mbali na fundi. Kwa vitu vidogo vinavyojirudia, hili ndilo bora. La pili ni meza yenye matundu inayovuta hewa kwa chini au kwa nyuma. La tatu ni mkono wa kufyonzea unaokunjuka, ambao fundi anausogeza kadiri kazi inavyosogea. La nne ni bunduki ya kuchomelea yenye kifyonzi juu yake, ambayo inakwenda na arki popote. Inawafaa wanaotumia mashine za waya na wanaofanya kazi kubwa kama matangi na matela.

Chaguo la tatu lina sharti moja zito: fundi akubali kuusogeza ule mkono. Ukiwa mgumu kusukuma, ukiwa unashuka wenyewe, ukimzibia mwanga, atauacha ukutani. Basi kabla hujalipa, mwite fundi atakayeutumia, autumie nusu siku. Yeye ndiye mkaguzi wako wa kwanza.

Jambo hili si jipya. Sheria ya Viwanda ya Uingereza ya mwaka 1937 ilikwishataka vifyonzi viwekwe karibu kadiri iwezekanavyo na chanzo cha vumbi au moshi.

Hoja ya tatu: Hewa ihesabiwe, isikisiwe

Sasa tufanye hesabu, na naomba wasiopenda hesabu wanivumilie kwa dakika chache, kwa kuwa hapa ndipo fedha zinapookolewa.

Ili moshi wa kuchomelea ushikwe, hewa inatakiwa kwenda kwa kasi ya kati ya mita 0.5 na mita 1 kwa sekunde pale kwenye arki. Vipimo vya mtafiti Mmarekani DallaValle vya miaka ya 1930 vilizaa kanuni ambayo wahandisi wanaitumia mpaka leo kwa mdomo wa kawaida wa bomba. Zidisha umbali kwa umbali, kisha zidisha kwa 10. Ongeza eneo la mdomo. Jumla hiyo izidishe kwa kasi unayoitaka. Umepata kiasi cha hewa.

Tuchukue mdomo wa duara wenye kipenyo cha sentimita 15, na kasi ya mita 0.5 kwa sekunde. Ukiuweka sentimita 15 kutoka kwenye arki, unahitaji takriban mita za ujazo 440 kwa saa. Ukiuweka sentimita 30, unahitaji takriban 1,650. Umbali umeongezeka mara mbili, hewa imeongezeka karibu mara nne. Ukizungushia mdomo ukingo wa bati bapa ili usivute hewa ya nyuma isiyo na kazi, unaweza kuokoa karibu robo ya hewa hiyo.

Hewa hiyo inalipiwa. Ukitaka mabomba yaleyale yapitishe hewa mara mbili, umeme unaohitajika unapanda takriban mara nane. Kila sentimita ambayo mdomo unakaa mbali na arki, mwenye karakana anailipia kwenye umeme wake wa LUKU.

Kumbukeni pia upepo. Karakana zetu nyingi ziko wazi, na feni ya kusimama inayomlenga fundi ili apate ubaridi inazidi kirahisi hiyo mita 0.5. Inautawanya moshi kabla haujakamatwa, na kwenye mashine za gesi inapeperusha hata gesi inayolinda mshono. Tengenezeni vizuizi vya pembeni, hata vya turubai lisiloshika moto. Anayefanya kazi nje asidhani yuko salama kwa kuwa yuko nje. Upepo ukimpiga mgongoni, hewa inajizungusha mbele ya kifua chake na kuurudisha moshi usoni. Iwe kaskazi au kusi, asimame upepo umpitie ubavuni.

Hoja ya nne: Mabomba na feni vilingane

Baada ya mdomo na hesabu, ndipo tunafika kwenye bomba. Bomba jembamba mno linakula nguvu ya feni. Bomba nene mno linaipunguza kasi ya hewa, na uchafu unatua ndani yake. Kwa moshi wa kuchomelea, hewa ndani ya bomba iende kwa mita 10 hadi 13 kwa sekunde. Kwa vumbi zito la mashine ya kusagia chuma, mita 18 hadi 20. Zile mita za ujazo 440 za mfano wetu zinatosha kupita kwenye bomba la sentimita 12. Ukiwekewa bomba la sentimita 30 kwa sababu ndilo lililokuwa dukani, hewa itajikokota kwa mita 1.7, na baada ya miezi bomba litakuwa ghala la masizi.

Kona ziwe chache na za mzunguko mpana. Bomba la kukunjika, lenye mikunjo ndani, litumike pale tu panapohitaji kusogea, kwa sababu ukinzani wake ni mkubwa kuliko wa bomba laini la bati.

Feni sasa. Ile ya mapanga, inayofanana na ya dirishani, inasukuma hewa nyingi pale ambapo hakuna kizuizi. Ukiifungia bomba refu na kichujio inashindwa. Kwa mfumo wenye mabomba na vichujio inahitajika feni ya gurudumu, inayovuta hewa katikati na kuitupa pembeni kwa msukumo. Namba kubwa iliyochapishwa kwenye boksi mara nyingi ni ya feni iliyopimwa peke yake, bila bomba wala kichujio. Mwambie muuzaji: nionyeshe mchoro wa utendaji wa feni hii, nataka kujua itatoa hewa kiasi gani kwenye ukinzani wa mfumo wangu, na kichujio kikiwa kimechafuka. Asiyeweza kukujibu anauza chuma tu.

Na hewa inayotoka lazima irudishiwe nyingine. Midomo minne kama ule wa mfano wetu inatoa mita za ujazo 1,760 kila saa. Karakana iliyofungwa madirisha kwa hofu ya wezi au mvua itaibana feni, na mfumo mzuri utaonekana mbovu. Acheni matundu ya kuingizia hewa, tena upande wa pili, ili hewa safi impitie fundi kwanza.

Hoja ya tano: Moshi uliokamatwa uende mahali panapojulikana

Hapa mnunuzi wa Pwani anatakiwa kufikiri kwa hali ya kwake. Mashine nyingi zinazoletwa zimebuniwa kwa nchi za baridi. Kule hewa ya ndani imepashwa moto kwa gharama kubwa, kwa hiyo inachujwa na kurudishwa ndani ili joto lisipotee. Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hatuna joto la kuhifadhi. Kurudisha hewa ndani hakutupi faida hiyo, na kunatuachia hatari, kwa sababu kichujio cha chembe, hata kile bora cha HEPA kinachokamata asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3, hakizuii kaboni monoksidi wala ozoni. Kwetu, chaguo la kwanza liwe kuitoa hewa nje kabisa.

Lakini nje pana watu. Mkasa wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, unajulikana. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka kwenye betri chakavu kiliwatia sumu wakazi, watoto wakiwemo, na Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo na ambaye mwanawe aligundulika kuwa na risasi mwilini, alisimama kidete mpaka kikafungwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Funzo kwetu ni kwamba kuhamisha sumu kutoka pua ya fundi kwenda pua ya jirani si kuidhibiti. Palipo na moshi mwingi au metali za sumu, hewa ichujwe kwanza, kisha itolewe kwa bomba lililosimama wima juu ya paa, mbali na madirisha. Bomba hilo lisivikwe kofia inayourudisha moshi chini. Kuna namna za kuzuia mvua bila kuziba njia ya hewa.

Tahadhari mbili kuhusu vichujio. Kwanza, cheche za mashine ya kusagia zikifika kwenye kichujio zinaweza kukiwasha, kwa hiyo pawe na kizuia cheche njiani. Pili, vumbi la aluminiamu linaweza kulipuka. Lisichanganywe na la chuma katika mfumo mmoja bila ushauri wa mtaalamu.

Hoja ya sita: Mfumo usiopimwa haujanunuliwa

Malipo ya mwisho yasitoke mpaka mfumo upimwe ukiwa kazini. Kipimo cha kwanza kinapatikana sokoni: kijiti cha udi. Washa, kishike pale arki itakapokuwa, washa feni. Moshi wa udi uelekee mdomoni moja kwa moja. Ukisitasita, ukipanda kwenye uso wa fundi, mrudishe muuzaji kazini. Kipimo cha pili ni kifaa cha kupima kasi ya hewa, na namba zake ziandikwe ukutani siku ya kwanza. Cha tatu ni geji ya tofauti ya mgandamizo kabla na baada ya kichujio. Ikipanda kupita kiwango cha mtengenezaji, kichujio kimeziba. Uingereza inataka mfumo ukaguliwe kikamilifu angalau kila baada ya miezi 14. Hata pasipo anayekulazimisha, jiwekee ukaguzi wa kila mwaka, na umpe mtu mmoja, kwa jina, jukumu la kuangalia geji kila wiki.

Kabla ya kununua, uliza bei ya vichujio na vinapatikana wapi. Mashine ambayo kichujio chake kinasubiri meli itazimwa siku kitakapoziba. Anayebadilisha vichujio avae barakoa na avifunge kwenye mfuko, kwani masizi yale ni sumu ileile iliyokusanywa pamoja.

Kinga ya pua inabaki pale mfumo usipofika, kama ndani ya tangi. Iwe barakoa ya kuchuja chembe iliyobana uso vizuri. Kitambaa hakifai, na ndevu zinauachia moshi njia. Tena ndani ya tangi kuna hatari ya kukosa oksijeni, hasa palipotumika gesi ya agoni, na hapo barakoa ya kuchuja haimsaidii mtu hata kidogo.

Tuendako

Mheshimiwa Mwenyekiti, sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina ya kwake ya mwaka 2007. Kinachopungua ni maarifa ya mnunuzi. Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu.

Walimu wa VETA na vyuo vingine vya ufundi, hesabu ile ya umbali na hewa iingie kwenye mafunzo ya kuchomelea tangu mwaka wa kwanza, na kila mwanafunzi aujue udi kama kipimo kabla hajakabidhiwa arki. Wenye karakana mnaopakana, kama ilivyo Gerezani hapa Dar es Salaam au Kamukunji kule Nairobi, nunueni kwa pamoja: mtaalamu mmoja wa kuwapimia, vichujio vya aina moja, akiba moja ya vipuri. Na wahandisi vijana mnaotafuta kazi ya kufanya, mikono ya kufyonzea, meza za matundu na vizimba ni bati, bomba na hesabu. Vyote vinaweza kutengenezwa hapa, na mafundi wa kuvitengeneza ndio haohao wanaovihitaji.

Mwenye karakana ambaye kesho ataanza na daftari lake, akauliza mdomo utakaa wapi kabla ya kuuliza bei ya feni, atakuwa amepunguza gharama zake na kuongeza miaka ya kazi ya fundi wake. Kijana anayejifunza kuchomelea leo ana haki ya kufika umri wa kustaafu akiwa na kifua kizima, na uwezo wa kumfikisha huko tunao.

 Sasa nakaribisha maswali, na naomba tuanze na mafundi.